Utete Ulionuka Moshi

Nakumbuka siku moja mto umejaa hadi kwenye njia za Kau, mwanangu, mji mzima unanuka tope, nami nimeketi nyuma ya pazia la baba yangu nikishona kanzu ya mwanamume niliyemwona mara moja tu, kwa ufa wa mlango. Nikishona, nikifumua. Nikishona tena, nikifumua tena. Mkeka wote niliuona una miiba siku ile, na roho yangu ilikuwa juu juu tangu asubuhi.

Ngoja kwanza. Nianze na wewe, maana wewe ndiye uliyeniamshia haya yote. Nimeambiwa umelifungua sanduku langu, ukaitoa kanzu ya marehemu babu yako, ukaikung'uta, ukasema ndiyo utakayoivaa siku ya nikaha yako. Ulipoulizwa kama itakukaa ukajibu, "Mimi na babu tu sawa." Ni neno la heshima na limenifurahisha. Lakini neno hilo hilo nililisikia zamani likitoka kwa mtu mwingine, naye alilisema kwa mapenzi kama wewe, na nusura livunje ndoa ambayo bila hiyo wewe usingekuwapo kuniuliza chai iko wapi. Basi keti. Mimi unanijua, siketi nikaketeka, nitakuwa naingia na kutoka. Wewe keti tu. Na ninapokuita mwanangu, japo ni mjukuu, ni kwa sababu nepi zako nimezifua mimi.

Baba yangu, Fundi Athmani, alikuwa mshoni wa kanzu pale Kau. Cherehani tulikuwa tukizisikia tu kwa watu waliotoka Lamu. Sisi tulishona kwa mkono, uzi tunaupitisha kwenye nta ili usikwame. Yeye alikata, mimi nilishona. Hilo la kwamba nashona mimi lilikuwa siri ya nyumbani, kwani wanaume wa mji wasingependa kusikia kuwa kanzu wanazokwenda nazo msikitini zimepita magotini pa msichana. Ndiyo kazi ya lile pazia. Upande wa huku mimi na sindano, upande wa huko baba na wateja na kahawa yao. Miaka ile bendera zilikuwa zikipandishwa na kushushwa pwani nzima, leo ya huyu, kesho ya yule, na kila aliyeingia alikuwa na habari mpya ya kutisha. Nilizisikiliza zote na mguu wangu haukutulia. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nina kiherehere cha kuku anayetafuta pa kutaga.

Watu wa mto wa juu walishuka na mitumbwi yao wameleta mpunga na asali, wakarudi na chumvi na nguo. Mmoja wao alikuwa Komora, babu yako, kijana wa Kinakomba. Yeye na baba yake walikuwa wamesilimu si zamani, kisha baba yake akaugua ugonjwa mrefu wa kifua akafa. Fundi Athmani alimpenda kijana yule kwa sababu moja: akisema nitakuja kesho, kesho anakuja. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nilimwona kwa ufa wa mlango siku aliyoleta mpunga, gunia moja shingoni na jingine analivuta, kifua wazi na shuka kiunoni. Mtu anayepiga upondo tangu utotoni, anausukuma mtumbwi kupanda maji ya Tana yakija kumkabili, mabega yake hayawi mabega ya mtu wa dukani. Niliyatazama kuliko inavyomfaa msichana wa watu. Leo nalisema bila haya. Wakati ule ningekufa kwanza.

Akaleta posa kwa mdomo wa mzee wao mmoja, kisha akapanda mto bila kungoja jibu, ndiyo adabu. Baba alipokubali, jibu likamfuata kwa mtumbwi, na pamoja na jibu likaenda ombi: aletewe kipimo chake. Mkwe wa mshoni, baba alisema, hataketi kwenye nikaha na shuka. Atashonewa kanzu ya bafta, na hiyo ndiyo zawadi ya mkwewe.

Desturi yetu ilikuwa hivi. Mtu wa mbali akitaka nguo, anapimwa kwa ukindu mrefu. Shingo, fundo. Bega hadi bega, fundo. Mkono, fundo. Urefu, fundo. Ukindu unakunjwa, anapewa mwenye mtumbwi, unateremka nao hadi Kau. Baba alikuwa akiupitisha vidoleni anajua mtu ni mnene au mwembamba, na hata kama ni mbishi, kwa kuwa mafundo ya wabishi, alisema, hukazwa kwa hasira.

Basi tukangoja ukindu. Mto ukaanza kupanda. Kila mtumbwi ulipotia nanga nilikwenda uani kuchota maji hata kama mtungi umejaa, na mama akawa ananitazama tu. Ukindu haukuja. Nikaanza kuwaza kwamba amebadili nia, kwamba amepata wa kwao, kwamba mamba, Mungu apishe mbali. Kungoja ni kazi kubwa kuliko kulima, mwanangu, na haina mavuno.

Hatimaye kilichokuja hakikuwa ukindu. Kilikuwa utete, bua kavu la tete lenye kimo cha mtu, limekolea weusi, na karibu na ncha moja lina alama ya kisu. Mtu aliyeuleta akausimamisha mbele ya baba akasema, "Mama yake Komora anasalimu. Anasema huyu ndiye mwanangu. Kata kwa huu."

Nilichungulia pembeni mwa pazia. Baba aliugeuzageuza ule utete, kisha akafanya jambo ambalo sijamwona akilifanya na kipimo chochote. Aliunusa.

"Na mikono?" akauliza. "Shingo?"

"Mikono sikupewa," yule mtu akasema. "Nimepewa huo."

Baba akautazama tena. Nilidhani atafoka, kwa sababu alikuwa mkali wa kazi. Lakini akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Mwambie mama mtu, salamu zimefika." Akauegemeza ukutani, akaendelea na kanzu ya mtu mwingine.

Alipotoka kwenda kuswali nikauchukua. Ulinuka moshi. Si moshi wa jana. Ule wa kitu kilichokaa darini juu ya jiko muda mrefu. Nikaulaza mkekani nikapima kwa shibiri kutoka ncha hadi ile alama, maana nilielewa kwamba hapo ndipo bega hadi bega. Nikapima tena. Mabega yale yalikuwa ya mtu mwembamba, mwembamba wa kusikitisha, si ya mbeba magunia niliyemwona mimi. Nikajua kuna kosa, wala sikuwa na shaka.

Sasa nifanye nini? Niende kwa baba niseme, "Baba, mabega ya mtu huyu ni mapana zaidi"? Ataniuliza, nawe umeyaonea wapi? Na mama atakuwa anasikia. Nilitembea uani kutoka kisimani hadi mlangoni, mlangoni hadi kisimani, hadi mama akaniambia nitachimba mfereji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikisikia kile kishindo kinakuja, nikakaa kimya vilevile.

Baba akakata bafta. Mwili wa kanzu, mbele na nyuma, aliukata sawasawa na utete. Lakini alipoleta vipande vya kuunganisha nikaona ajabu. Taharizi, yale mapande marefu yanayoshuka ubavuni, yalikuwa yamezidi upana. Na vikwapa, vile vipande vidogo vya chini ya kwapa vinavyoufanya mkono upate kuinuka, alikuwa amevikata vikubwa kama vya mtu mwingine kabisa. Nikasema moyoni, masikini baba, macho yameanza kufifia. Sikumrekebisha. Nilishukuru makosa yake.

Nikafanya hivi. Kile kilichozidi nilikikunja kwa ndani, nikakipiga bandi, yaani mshono wa hatua ndefu usiokazwa, na ncha ya uzi wa bandi nikaiacha inaning'inia kwapani, uzi mwekundu ili uonekane upesi. Kwa nje kanzu ilikuwa ile ile ya utete, kwa kuwa baba akimaliza kazi hulaza kipimo juu ya nguo kabla ya kuikunja, naye angeona. Kwa ndani ilikuwa na nafasi ya mtu niliyemwona mimi. Uzi mmoja ukivutwa, kanzu inapumua. Ndiyo maana nilishona na kufumua siku ile ya mto kujaa. Sikuwa najua nimwambie nani avute.

Nilimwambia mtu? Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba itapatikana nafasi. Nafasi, mwanangu, haipatikani, hutengenezwa.

Maji yakashuka, Komora akaja na wazee wawili wa kwao. Mama yake alibaki Kinakomba kwa sababu ya magoti. Siku ya nikaha wakamwogesha, wakampaka udi, wakamvika. Aliyemvika alikuwa ami yangu, ndugu yake baba, mtu mwema lakini mwenye haraka na mwenye kupenda kusema la kwanza linalomjia. Nilisikia baadaye jinsi ilivyokuwa. Kanzu ilipita kichwani, ikakwama mabegani, wakaivuta ikashuka. Ami akauliza, "Yakutosha?" Na Komora, mgeni, mwana wa watu, aliyepewa nguo ya kwanza ya kushonwa maishani mwake na baba wa mkewe, angejibu nini? Akasema, "Yanitosha." Juu yake wakamtia joho la kuazima, nalo likafunika kila kitu.

Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya mlango, na wanawake wamenizunguka, nimejazwa asumini hadi naona kizunguzungu. Mlango ulikuwa haujafungwa sawasawa. Ufa tena, unaona, maisha yangu yote yamepita kwa ufa. Niliwaona wameketi jamvini sebuleni, baba na Komora goti kwa goti, na mwalimu wa kufungisha amekaa kati yao. Mwalimu akasema kwanza isomwe Fatiha. Watu wote wakainua mikono.

Komora hakuinua.

Yaani aliinua, nami niliona jitihada yake, lakini mikono ilifika kiunoni ikakoma. Viwiko vilibanwa ubavuni kama vimefungwa kamba. Fatiha ikasomwa, watu wakapangusa nyuso zao, yeye mikono yake iko mapajani. Mwalimu akamtazama. "Bwana arusi," akasema kwa upole, "tuombe pamoja. Inua mikono." Komora akajaribu tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akaangalia jamvi.

Basi kukawa na mnong'ono. Kumbuka alikuwa mgeni katika dini, na mji ule ulikuwa na watu wa kutosha wenye kuwahesabia watu wa mto wa juu kila kosa. Nikamsikia ami, ambaye hata kunong'ona hakujua, akisema, "Huyu dini haiyamuingia. Dua haitaki." Mwingine akasema afadhali jambo lisubiri. Mwingine akaanza kuvaa viatu. Mwalimu alikuwa mtu mwangalifu, na mtu mwangalifu penye shaka huahirisha.

Nilielewa kila kitu kilichokuwa kifuani mwa mtu yule, na kiliniuma. Akisema kanzu imembana, amemwaibisha mkwewe mshoni mbele ya mji. Akijilazimisha, nguo ya nikaha itachanika, na hiyo ni nuksi na dharau. Akisema kipimo si chake, atakuwa amemsema mama yake. Njia zote tatu zilikuwa zimezibwa na heshima. Na mimi nyuma ya mlango nilikuwa nimezibwa na heshima pia, kwani bibi arusi hasemi siku ya nikaha yake. Akiulizwa kama ameridhia hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu.

Nilisimama. Shangazi akanishika mkono, nikaunyofoa. Sikumbuki kama niliwaza. Nilisema kwa ule ufa, kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Baba, vuta uzi mwekundu wa kwapani."

Mama akajifunika uso kwa buibui. Kwa neno moja nilikuwa nimeufahamisha mji kwamba kanzu zao nashona mimi, kwamba bwana arusi nimemtazama, na kwamba sina haya. Nilitaka ardhi inimeze.

Baba hakugeuka. Alipeleka mkono chini ya joho, akapapasa kwapa la mkwewe, akavuta. Kisha upande wa pili, akavuta. Nilisikia ule mlio wa bandi kufumuka, tr-r-r, mlio mdogo sana. Komora akavuta pumzi, na kifua chake kikajaa. Akainua mikono yote miwili, juu kabisa, juu kuliko dua inavyotaka, hadi joho likaanguka mabegani, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Na isomwe tena," baba akasema.

Ikasomwa tena. Ami yangu aliisoma kwa sauti kubwa kuliko wote.

Asubuhi yake, kabla sijashuka mtumbwini, baba aliniita. Nilikuwa najua kuna maneno, nikawa nahangaika mlangoni, mara nifunge mzigo, mara niufungue.

"Ndoo uketi kitako," akasema. Nikaketi. "Ulikuwa wayua tangu lini kwamba kipimo si chake?"

"Tangu ulipokuja ule utete, baba."

"Ukanyamaza."

Nikanyamaza tena.

"Mimi pia nalikuwa nayua," akasema. "Ule si utete wa kanzu. Ni chenezo. Ni utete wa kupimia kaburi. Nimepima maiti wangapi mji huu? Maiti hupimwa amelala, urefu wake na upana wake, basi. Mikono imelazwa, haiendi popote, ndipo hukuona alama ya mkono. Nikayua kuna mama amefiwa, na ameniletea alicho nacho. Nikaona haya kuurudisha. Nikakata taharizi pana na vikwapa vikubwa, nikasema moyoni, mwanangu ana mato, ataona. Wewe wanidhani nimezeeka?"

Nilitaka kucheka na kulia. Yeye hakucheka.

"Sikiya. Mimi nilificha kwa huruma, wewe ulificha kwa haya, na mume wako alificha kwa adabu. Watu watatu wazuri, na nikaha nusura ivunjike. Huko uendako utapima watu. Mtu hai mpime mikono yuu. Mwambie ainue, mwambie ainame, mwambie avute pumzi, mwambie acheke. Na ukiona kipimo chasema uwongo, sema. Sema kwa upole, lakini sema." Kisha akanipa ule utete, ameuzungushia kitambaa cheupe cha bafta iliyobaki. "Huu ni amana ya mwenyewe. Umrudishie mkononi."

Tukaingia mtumbwini. Kupanda mto si kama kuteremka. Kila hatua ya maji unainunua kwa mabega. Komora alivua kanzu, akaikunja, akashika upondo, nami nikamtazama sasa bila ufa. Hatukusema mengi. Tulipofika Garsen tukatia ukingoni wapiga pondo wapumzike, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza nani aliyempimia utete ule.

"Mama alikataa nipimwe," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha mto, kifupi, bila mapambo. "Kwetu sisi tulikuwa hatushoni nguo. Mtu anajifunga shuka tu. Kupimwa tumekuona siku moja, siku ya baba. Mwalimu alimlaza, akampima na utete, wakaenda kuchimba. Mama aliona hiyo. Sasa nyinyi mnasema nipimwe kichwa mpaka mguu. Mama alilia. Alisema mtu hai hapimwi. Akatoa utete wa baba pale darini, yeye aliuokota siku ile wakiutupa. Akasema wewe na baba yako ni sawa, wapelekee huu."

"Nawe hukumwambia si sawa?"

"Baba alikuwa mpana zamani. Ugonjwa ndio ulimkausha." Akatazama maji. "Mama yeye anamwona vile alivyokuwa."

Kutoka Garsen hadi Kinakomba utete ule niliulaza mapajani, na njia nzima nilikuwa naogopa uso wa mama yule kuliko viboko wa mtoni.

Nilimkuta mlangoni kwake, mwanamke mfupi mwenye macho makavu. Mavyaa wangu. Nilimpa amana yake kwa mikono miwili. Akakifungua kile kitambaa, akaushika utete, akauliza neno moja tu, "Ilimkaa?"

Mwanangu, pale ndipo niliposhikwa. Ningeweza kusema ilimkaa. Ulimi ulikwishaanza. Lakini nilikumbuka maneno ya baba, nikasema, "Haikumkaa, mama. Mwanao ni mpana. Mwanao anapumua."

Alinitazama kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko safari. Kisha akaingia ndani na utete wake, na kwa muda hakunisemesha ila kwa mambo ya jiko. Nilidhani nimeharibu. Mwenye kovu usidhani amepoa, nami nilikuwa nimelitonesha. Nilikuwa nafagia ua uliokwisha kufagiliwa, naosha vyungu visafi.

Hata siku moja akaja nilipokuwa nashona. Akasimama tu pale. Akasema, "Wewe unapimaje?" Nikamwambia, inua mikono. Hakutaka. Nikainua yangu kwanza. Akainua kidogo, kisha zaidi, nami nikampitishia ukindu chini ya kwapa. Mama yule alikuwa na mtekenyo. Alicheka, akashtuka kwamba amecheka, kisha akacheka tena hadi akajishika ukuta. Nikafunga fundo langu hapo hapo, katikati ya kicheko. Nikamwambia, hakuna maiti aliyepimwa hivi.

Nilimshonea gauni pana la merikani, akalivaa hadi likaisha. Na mpunga mpya ulipovunwa nikamwona amepiga magoti jikoni, anavunja utete mkavu vipande vipande anautia motoni chini ya chungu. Sikuuliza. Wali ule tuliula wote.

Haya. Sasa sikiliza, maana nimekwisha kuzunguka. Kanzu ile uliyoitoa sandukuni ilifumuliwa bandi yake siku ya nikaha, na mimi baadaye nikaishona upya ikae mabega ya mpiga upondo. Wewe unafanya kazi ya kuketi, kwapa zako ni nyembamba, shingo yako ni ya upande wa kwetu Kau. Kanzu ile itakumeza, utakuwa unaikusanya kama mwanamke anayevuka maji. Babu yako aliteseka ndani ya nguo ya kipimo cha baba yake kwa udogo wake. Wewe utateseka ndani ya yake kwa ukubwa wake. Kila mtoto na koja lake. Mpende marehemu, muombee, kanzu yake ikunje uirudishe na karafuu. Lakini usivae mwili wake.

Na si kanzu tu, wala shati unalolinunua kwa macho kwa sababu limemkaa rafiki yako. Nguo ikikubana usiseme yanitosha kwa kuona haya. Ikikupwaya usiseme nitakua. Cha kuazima hakisitiri maungo, na kipimo cha kuazima ndicho kibaya zaidi, kwa sababu mwenyewe huwezi kukirudisha. Jua mwili wako ulivyo leo, sio ulivyokuwa kabla ya njaa wala utakavyokuwa baada ya mavuno. Ukipimwa usijivimbishe wala usijibane. Inua mikono, inama, pumua. Na huyo binti unayemwoa, akikwambia mahali fulani pamebana, msikilize, hata akisema wakati ambao hakutakiwa kusema.

Mungu akupe nguo ya kukutosha na mke wa kukwambia ukweli. Akupe kifua kinachojaa pumzi, na mikono inayofika kwenye dua yako mwenyewe. Akuepushe na kipimo cha kulala hadi uwe umewapima wajukuu wako wamesimama.

Sasa inuka. Niletee ukindu ule pale mlangoni, na usijifanye huuoni. Mikono juu, mwanangu. Juu zaidi. Hapo.